Wanaokimbilia kilele wajifunze kwanza kulala juu

*Mazoezi ya miezi sita yanaweza kuimarisha miguu na moyo. Figo, mapafu na damu vina ratiba yake, na mlima mrefu huifuata hiyo.*

Kituo cha Horombo kiko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro. Hapa ndipo wanaopanda na wanaoshuka hupishana, na asubuhi panakuwa na pilikapilika: wapagazi wanafunga mizigo, wapishi wanasuuza sufuria, wageni wanajipaka mafuta ya kujikinga na jua. Kisha sauti inasikika kutoka juu ya kituo. "Pisha! Pisha njia!" Watu wanasogea pembeni.

Inayopita ni machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati. Wanaume wanne hadi sita wameishika pande zote, wa mbele wanaielekeza ikwepe mawe, wa nyuma wanaivuta isiwaponyoke kwenye mteremko. Aliyelala juu yake amefungwa mikanda ndani ya mfuko wa kulalia, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi. Safari nyingine ni mzee. Safari nyingine ni kijana wa miaka ishirini na kitu, saa ya kuhesabu mapigo ya moyo ingali mkononi, aliyemaliza mbio za kilomita 42 miezi michache nyuma akaamini kwamba mwenye pumzi ya marathoni hawezi kushindwa na mlima unaopandwa kwa kutembea.

Makala haya yanamhusu huyo wa pili.

Kupanda milima mirefu kwa kasi kumepata wafuasi wengi Afrika Mashariki. Nairobi kuna vikundi vinavyoondoka mjini Ijumaa jioni, vikafika upande wa Sirimon wa Mlima Kenya usiku, na kabla ya mapambazuko viko njiani kuelekea Point Lenana, mita 4,985. Mpango ni kurudi getini siku hiyohiyo. Kwa upande wa Tanzania, wafanyakazi wa ofisi za Dar es Salaam, ambao kwa mwaka mzima hawajalala juu zaidi ya ghorofa ya tano, hujipangia Kilimanjaro ndani ya wiki moja ya likizo, safari na mapumziko vikiwemo humo. Wageni kutoka Ulaya na Marekani nao hutafuta siku chache kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila siku ya mlimani ina bei yake.

Wote hao wanaulizana swali moja: nifanye mazoezi gani ili nipande haraka? Swali si baya, ila ni nusu ya swali.

Rekodi zinazosomwa nusu

Majina yanayotajwa sana kwenye mjadala huu ni ya wakimbiaji waliopanda Kilimanjaro kwa saa zinazoshangaza. Mwezi Septemba mwaka 2010, Kilian Jornet wa Hispania alifika kilele cha Uhuru kutoka geti la Umbwe kwa saa 5, dakika 23 na sekunde 50, akashuka kwa njia ya Mweka, na safari nzima ikamchukua saa 7 na dakika 14. Mwezi Agosti mwaka 2014, Karl Egloff alipita njia hizohizo akafika kileleni kwa saa 4 na dakika 56. Kupanda na kushuka kulimchukua saa 6 na dakika 42. Huo ni mwinuko wa zaidi ya mita 4,200, ambao mtalii wa kawaida huumaliza kwa siku tano au sita.

Kabla yao alikuwepo Mtanzania, Simon Mtuy, mwenyeji wa Kilimanjaro na mwongozaji wa siku nyingi. Mwaka 2006 alipanda kwa Umbwe na kushuka kwa Mweka kwa saa zipatazo 9 na dakika 20, tena akiwa amebeba mwenyewe chakula, maji na mavazi yake yote. Mafanikio yake yanastahili kutajwa zaidi ya yanavyotajwa hapa nyumbani.

Sasa tazama watu hawa wanakotoka. Egloff alikulia Quito, mji mkuu wa Ekuado, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,850, na kazi yake ni kuongoza watu kwenye milima kama Cotopaxi, mita 5,897, ambao unakaribia sana kulingana na Kilimanjaro. Mtuy alikuwa ameshapanda Kilimanjaro mara nyingi mno kama kazi yake ya kila msimu. Jornet alilelewa kwenye kibanda cha wapanda milima huko Pirenei, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na alipokwenda Everest mwaka 2017 alianzia kwenye mlima mwingine mrefu, Cho Oyu, ili mwili uzoee kwanza.

Saa tano za rekodi, kwa hiyo, ni ukurasa wa mwisho wa kitabu kirefu. Nyuma yake kuna usiku mwingi wa kulala juu, na kupanda kwingi kwa mwendo wa polepole ambako hakuna aliyeshika saa.

> Saa tano za rekodi ni ukurasa wa mwisho wa kitabu kirefu.

Mwili unachofanya gizani

Kileleni Uhuru, mita 5,895, hewa ina asilimia 21 ya oksijeni, ileile ya Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao huko juu ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kila pumzi inaingiza mapafuni nusu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea.

Mwili haukai ukisubiri. Ndani ya saa chache mtu anaanza kupumua haraka na kwa kina zaidi, hata akiwa ameketi. Kupumua huko kunatoa kaboni dayoksaidi nyingi, na damu inaelekea upande wa alkali. Ubongo ukiona hivyo unaamuru pumzi zipunguzwe. Hapo ndipo figo zinapoingia kazini: zinatoa bikaboneti kwenye mkojo ili kuirejesha damu kwenye hali yake, na breki ya kupumua inalegea. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Waongozaji wanaposisitiza maji na kumuuliza mgeni bila haya kama amekojoa vya kutosha, wanauliza jambo la maana.

Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu ni hatua ya baadaye kabisa. Homoni inayoziamuru hupanda mapema, lakini chembe zenyewe huhitaji wiki kadhaa ili ziongezeke kwa kiasi cha kuleta tofauti. Hakuna mtalii wa siku sita anayefaidi hatua hiyo. Anachoweza kukipata ni ile kazi ya pumzi na figo, na kazi hiyo huendelea hata usiku, mtu akiwa amelala.

Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya milimani huhesabu mahali pa kulala kuliko mahali palipofikiwa mchana. Mwongozo wao wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale.

Linganisha mwongozo huo na safari ya siku tano ya Marangu, ambayo bado inauzwa. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720. Wa pili ni Horombo, mita 3,720. Wa tatu ni Kibo, mita 4,720, na mgeni hata haumalizi, kwa sababu saa sita za usiku anaamshwa aanze kupanda kwenda Gilman's Point na Uhuru. Kuanzia usiku wa pili, kila usiku umeruka mita 1,000, mara mbili ya kipimo. Haishangazi kwamba tafiti zilizofanyika kwenye mlima huo zimekuta kiasi cha robo tatu ya wapandaji waliofika usawa wa Kibo wakiwa na dalili za ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi, uchovu usioelezeka.

Kwa wengi dalili hizo hupita. Kwa wachache hugeuka kuwa uvimbe wa ubongo au maji kujaa mapafuni. Madaktari waliochunguza vifo vya watalii Kilimanjaro kati ya mwaka 1996 na 2003 walihesabu vifo 25, na 14 kati ya hivyo vilitokana na ugonjwa mkali wa mwinuko. Ni wachache ukilinganisha na maelfu wanaopanda kila mwaka. Lakini ugonjwa uliowaua karibu kila mara huwa na tiba inayojulikana, nayo ni kushuka mapema.

Bingwa aliyeshushwa

Mwezi Desemba mwaka 2010, Martina Navratilova, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya tenisi, alikuwa Kilimanjaro kwenye safari ya hisani. Alikuwa na umri wa miaka 54 na mwaka huohuo alikuwa ametibiwa saratani ya matiti, lakini kwa nguvu za mwili aliwazidi wengi wanaopita geti lile. Alipofika karibu mita 4,500 alishindwa kuendelea. Alishushwa na kupelekwa hospitali Nairobi, ambako madaktari walikuta mapafu yameingiwa na maji. Alitibiwa akapona.

Kisa chake kinafundisha jambo ambalo wanamazoezi wengi hawapendi kulisikia. Uwezo wa kukimbia hauzuii ugonjwa wa mwinuko. Tena mwenye nguvu nyingi yuko kwenye hatari ya aina yake, kwa kuwa anaweza kufika juu haraka kuliko mwili wake unavyoweza kujirekebisha. Mnyonge huzuiwa na miguu yake. Mkimbiaji hana kinachomzuia.

> Mnyonge huzuiwa na miguu yake. Mkimbiaji hana kinachomzuia.

Hoja ya kwenda na kurudi

Wapo wanaotetea safari za siku moja, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema hivi: ugonjwa wa mwinuko hauanzi papo hapo, kwa kawaida dalili hujitokeza saa 6 hadi 12 baada ya mtu kufika juu. Basi anayepanda haraka na kushuka haraka anakuwa ameshateremka kabla ugonjwa haujamkuta. Kulala juu bila kuzoea, wanasema, ndiko kunakoumiza.

Ukweli upo ndani yake. Wakimbiaji wa rekodi hutegemea kwa sehemu mwanya huohuo wa saa chache. Lakini hesabu yake inamfaa mwenye mwendo wa Jornet, ambaye safari nzima ilikwisha kwa saa saba. Kutoka geti la Sirimon hadi Lenana ni zaidi ya kilomita 20 kwenda tu. Mtembeaji mzuri wa kawaida, anayeondoka saa saba au saa nane usiku, anapita kambi ya Old Moses penye mita 3,300 kukiwa bado giza, na anapofika kileleni ameshakuwa juu ya mita 3,000 kwa saa nyingi. Akigeuka kurudi bado ana nusu ya safari. Mwanya anaoutegemea unafungwa akiwa kwenye bonde la Mackinder, amechoka, maji yamemwishia.

Hapo bado hatujahesabu kifundo cha mguu kilichoteguka, ukungu uliofunika njia au mwenzake anayetapika. Mpango unaofaulu kwa sharti kwamba pasitokee lolote si mpango wa mlimani. Aliyelala usiku mbili tatu juu siku chache kabla ana akiba ya kumvusha mkasa wa namna hiyo. Aliyetoka Nairobi jana, penye mita zipatazo 1,700, hana. Aliyetoka Dar es Salaam yuko pabaya zaidi.

Kwa mtazamo wa gazeti hili, safari ya siku moja iwe ya watu ambao miili yao imeshaandaliwa juu. Viongozi wa vikundi wanaowachukua wageni wa mlima kwenye safari hizo kwa kuwa tu wamelipa wanacheza na maisha ya watu.

Siku zinapokuwa pesa

Kinachobana siku ni gharama. Kwa miaka mingi mgeni asiye mkazi amekuwa akilipa kiingilio cha dola 70 kwa kila siku anayokuwa ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro, kabla ya kodi, ada ya kulala na ada ya uokoaji. Ongeza mishahara ya waongozaji, mpishi na wapagazi. Siku moja zaidi inamaanisha mamia ya dola kwa kikundi, na kampuni inayotangaza siku saba inapoteza mteja kwa inayotangaza siku tano.

Waongozaji wanaijua vizuri tofauti ya siku tano na siku saba kwa mwili wa mgeni. Wao ndio wanaopita kwenye hema la chakula kila jioni na kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Pwani kifaa hicho husoma 97 au 98. Kwenye kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, kusoma themanini na kitu ni kawaida, na wengine huteremka hadi sabini na kitu wakiwa wanaongea na kunywa chai. Mwongozaji mzoefu haamini namba peke yake. Anatazama pia nani ameacha chakula, nani ameacha kutania, nani anafunga kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko jana.

Wapagazi nao wamo kwenye hesabu ya haraka, ingawa husahauliwa. Mzigo wao kisheria haupaswi kuzidi kilo 20. Huondoka kambini baada ya mgeni na wanatakiwa kufika kabla yake, ili hema liwe limesimama. Mgeni akiruka kambi, wao wanairuka na mizigo kichwani. Na si kweli kwamba wao mlima hauwadhuru. Mpagazi aliyekaa miezi ya masika nyumbani bondeni amepoteza sehemu kubwa ya mazoea yake, na safari yake ya kwanza ya msimu humkuta kama mgeni mwingine yeyote, mara nyingi akiwa na koti jepesi zaidi.

Mazoezi yenye faida

Mazoezi yana nafasi yake kubwa. Kadiri mtu anavyopanda juu ya mita 1,500, uwezo wake wa juu kabisa wa kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mwenye uwezo mkubwa kuanzia chini anabakiwa na kikubwa juu. Kwa hiyo msingi ni kutembea na kukimbia kwa muda mrefu kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza bila kukatika pumzi, mara nyingi kwa wiki, kwa miezi. Wanaoanza hupenda mbio za kuchosha kila siku. Hizo zinatosha mara moja kwa wiki.

Cha pili ni mwinuko wenyewe. Mkazi wa Morogoro ana Lupanga, mita 2,138, juu ya mji wake, na kupanda na kushuka kwake siku moja kunafundisha mapaja kazi ambayo hakuna uwanja wa mpira unaoweza kuifundisha. Arusha na Moshi hawahitaji kuambiwa. Wa Dar es Salaam wana ngazi za majengo marefu: panda na begi la kilo nane, halafu usichukue lifti kurudi. Kushuka ndiko kunakoharibu misuli, na magoti mengi ya Kilimanjaro huumia kwenye mteremko wa Mweka.

Kukaa nyanda za juu kunasaidia kidogo. Utafiti maarufu wa Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, uliochapishwa mwaka 1997, uliwaonyesha wakimbiaji faida ya kulala mita 2,500 na kufanya mazoezi makali chini zaidi, na Iten nchini Kenya, penye mita 2,400, imejengwa na wakimbiaji wanaotafuta faida ya hewa ya juu. Lakini kutoka 2,400 hadi 5,895 bado ni mbali.

Kwa anayetaka kupanda Kilimanjaro kwa kasi, dawa bora iko jirani. Mlima Meru una zaidi ya mita 4,560, na safari yake ya siku tatu au nne inamlaza mpandaji Miriakamba, karibu mita 2,500, kisha Saddle, karibu mita 3,570. Mazoea ambayo mwili unayapata huko hupungua ndani ya wiki moja au mbili baada ya kushuka, hivyo Meru ipandwe wiki ileile ya Kilimanjaro au iliyotangulia. Asiyeweza Meru alale Horombo usiku mbili, na mchana wa katikati apande hadi kwenye miamba iitwayo Mawe ya Pundamilia kisha arudi. Anayepita njia ya Machame anapata msaada huo kwenye njia yenyewe: mchana anafika Lava Tower, juu ya mita 4,600, na jioni analala Barranco, chini ya mita 4,000.

Dawa ya asetazolamaidi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Diamox, huzisukuma figo zitoe bikaboneti mapema na hivyo kuharakisha mazoea. Haifichi ugonjwa kama baadhi wanavyodhani. Ina madhara yake na haimfai kila mtu, kwa hiyo ianzie kwa daktari wiki kadhaa kabla ya safari, si kwa mwenzako kambini.

Kabla hujalipa

Kichwa kikiuma na tumbo likakataa chakula, usipande zaidi hadi hali itulie. Mtu akiyumba, akishindwa kutembea kwenye mstari mnyoofu kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, au akianza kusema mambo yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Akihema akiwa amekaa na kukohoa mfululizo, mapafu yanajaa maji. Hao wawili hushushwa saa ileile, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana.

Kampuni za utalii na vikundi vya wapanda milima vina jambo moja rahisi la kufanya. Tangazo la safari lisiishie kwenye idadi ya siku na bei. Liandike mteja atalala mita ngapi kila usiku. Mamlaka za hifadhi zinaweza kulifanya hilo sharti la leseni bila kuongeza hata shilingi kwenye ada. Hadi zitakapofanya hivyo, msomaji unayepanga kupanda, uliza swali hilo mwenyewe kabla ya kulipa, na ukiona baada ya mita 3,000 namba zinaruka kwa 1,000, tafuta kampuni nyingine au ongeza usiku mmoja.